Pima Arobaini za Mabruki

Kwako Bi Mkubwa wangu, Bi Rukia binti Salimu, popote utakapokuwa umeamkia leo katika mji mtukufu wa Makka,

Shikamoo. Nakubusu mikono yote miwili, kisha nakuomba usinikasirikie kwa kuipata barua hii bila kufungwa. Nimeiacha wazi makusudi. Mahujaji watakaoichukua ni watu wa mtaani kwetu, unawajua, wataisoma njiani hata ningeishona kwa uzi, basi nimeona bora niwape ruhusa kuliko kuwatia dhambini. Tena kabla haijatoka hapa Malindi, majirani wote wanataka isomwe ukumbini waisikie. Mambo yenyewe waliyaona kwa macho yao. Wanachotaka ni kusikia kama nitasema kweli juu yako. Nitasema, Bi Mkubwa, mazuri yako na mabaya yako, na vituko vyako pia, maana hivyo ndivyo vingi.

Habari ya kwanza, bwawa limejaa. Masika haya mto Sabaki umeshuka na maji mekundu ya bara, yakaingia kwenye mfereji wetu kwa nguvu, na siku ya tatu yakawa yamefika juu kabisa. Nilifunga mlango wa maji kwa mkono wangu mwenyewe. Chini ya bwawa mpunga umesimama, migomba imebeba, na bamia zimekuwa nyingi hata nazigawa mtaani bure. Jana asubuhi nilisimama ukingoni nikacheka peke yangu. Katana, yule jirani yetu Mgiriama, akaniuliza, "Wacheka nini, mama?" Nikamwambia namkumbuka Bi Mkubwa juu ya punda. Alicheka hata akaweka jembe chini.

Lakini hebu nianze mwanzo, ili na hawa wanaoisoma njiani waelewe.

Siku Bwana Athmani aliponileta nyumbani kwako, mimi mke wa pili na wewe mwenye nyumba, ulinitazama toka utosini mpaka kucha za miguu. Hukunisalimu. Ulimuuliza yeye, "Huyu si mtoto wa Mabruki?" Akasema ndiye. Ukasema, "Haya, aingie," ukarudi chumbani kwako. Nilisimama pale ukumbini na kisanduku changu hata miguu ikaniuma. Mabruki, baba yangu, alikuwa mtumwa wa baba yako. Mama yangu vivyo hivyo. Mimi nilizaliwa kule kule shambani, mzalia kama walivyotuita. Nilipoolewa nilikuwa nimeshaandikiwa huru, na ndoa yangu ilikuwa ya halali, na mahari yake na mashahidi wake, lakini ulimi wa mtu haubadiliki kwa hati. Wakija wageni ulikuwa ukisema, "Mtu wetu atawaletea kahawa." Mtu wetu! Mimi, mwenye zamu sawa na zako! Kahawa naileta, vikombe naviweka kwa kishindo, nawe hukosi neno: "Polepole, vikombe havijakukosea."

Miaka saba tuliishi hivyo. Wala mimi sikuwa malaika. Siku zangu za kupika nilikuwa nikizidisha pilipili kwenye mchuzi, nikijua fika kwamba tumbo lako haliiwezi. Leo naungama mbele ya mahujaji. Nisamehe.

Kisha Bwana Athmani akatuacha, Mungu amrehemu, bila mtoto kwako wala kwangu. Tukaingia eda. Miezi minne na siku kumi, wanawake wawili wasiopendana ndani ya nyumba moja, hakuna kutoka, hakuna wanja, hakuna udi. Wiki ya kwanza hatukusemezana. Ya pili tuligombana kwa ajili ya paka. Ya tatu, mvua ya vuli inanyesha, ukaniita. "Wewe Mwanahamisi, wajua kusoma?" Nikakwambia nimehifadhi sura za kusalia, kuandika sijui. Ukatoa ubao. "Kaa hapa. La sivyo nitakufa kwa upweke kabla eda haijesha." Ndivyo nilivyojifunza. Herufi unazozisoma hapa ni zako, na ukiona nyingine zimelala ubavu, kumbuka kwamba mwalimu mwenyewe hakuwa na subira.

Ilikuwa katikati ya eda hiyo Serikali ilipotangaza kwamba kila mwenye shamba huku pwani sharti alidai kwa maandishi, na lisilodaiwa litakuwa la Serikali. Sisi kutoka hatuwezi. Basi mwandishi akaja nyumbani, akakaa ukumbini, wewe nyuma ya pazia na mimi nyuma yako. Akaandika shamba ulilorithi kwa baba yako, minazi, mipaka. Akafika kwenye bwawa. Akaeleza kwamba mwenye bwawa ataandikiwa haki ya kuyavuta maji ya Sabaki na kuyaweka, kwa kadiri bwawa lake linavyochukua na si zaidi ya hapo.

"Bwawa lina ukubwa gani, bibi?"

Ukajibu bila hata kumeza mate. "Urefu pima arobaini, upana pima ishirini. Pima za Mabruki. Andika hivyo hivyo, nami naapa."

Nawe hujapata kuliona, Bi Mkubwa! Mwanamke wa daraja yako hakukanyaga shambani. Ulilijua kwa masikio tu, kwa jinsi baba yako alivyokuwa akijisifu barazani kwamba bwawa lake ni pima arobaini za Mabruki. Maana lilipochimbwa lilipimwa kwa mikono ya baba yangu, ambaye alikuwa mrefu kuliko watumwa wote wa shamba. Anaitandaza mikono, na kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole hiyo ndiyo pima moja. Ulikua na hesabu hiyo toka utotoni, hukuwa na sababu ya kuitilia shaka.

Mimi nilikuwa nimeliona. Kabla ya msiba nilikuwa nikienda kila wiki kuwatazama ndugu zangu, wazalia wenzangu wa shambani. Nilijua kwamba kingo zimeporomoka, tope limelijaza nusu, matete yameota katikati, na wakati wa kaskazi mbuzi wa Katana hulivuka bila kulowa tumbo. Nilisikia "pima arobaini" nikanyamaza kimya. Nitasema kwa nini, maana nimeahidi kweli. Haikuwa woga peke yake. Ilikuwa kinyongo. Nilisema moyoni, si yeye ndiye mjuzi wa kila kitu? Basi na ajue na hili.

Eda ikaisha, tukaoga, tukajifukiza udi, na wiki ile ile habari ikatufikia. Mzungu wa Serikali atakuja na mnyororo wa kupimia kabla ya masika. Bwawa likionekana dogo kuliko lilivyoandikwa, madai yatahesabiwa ya uongo na kufutwa, na mfereji atapewa yule mwenye shamba la pamba upande wa juu wa mto, ambaye alikuwa ameshauulizia mara mbili. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Wewe ulikuwa na nyumba mjini, usingelala njaa. Wanaoishi kwa bwawa lile ni ndugu zangu, waliobaki kulima mpunga chini yake baada ya kupata uhuru, na watu wa Katana, wanaochota na kunywesha mifugo. Kwa kukukomoa wewe nilikuwa nimewakatia maji watu wangu mwenyewe. Usingizi ulinipotea, Bi Mkubwa, wallahi.

Nikakwambia ukiwa unakunywa chai. Ukaweka kikombe chini.

"Ulikuwa umekaa nyuma yangu. Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

Ukanitazama, kisha ukasema neno ulilolizoea. "Haya, watume watu wako wakachimbe."

Lo! Sijui ulimi ule niliupata wapi. Nikakwambia, "Bi Mkubwa, baba yangu alilichimba bwawa lile hakuulizwa kama anataka. Alikufa mgongo umepinda. Nani wa kwetu atakayeingia tena katika tope lile kwa kutumwa na mtu ambaye hata ukingo wake hajaukanyaga?" Uliinuka, ukaingia chumbani, ukafunga mlango. Siku tatu chakula nikakuachia mlangoni, nawe ukakila bila kutoka. Mimi nikafunga kisanduku changu, nikijua safari hii nafukuzwa.

Siku ya nne asubuhi ulitoka umevaa buibui. Buibui! Vazi ulilokuwa ukilicheka lilipoanza kuonekana mjini, ukisema ni gunia la wanawake wasiokuwa na watu wa kuwashikia shiraa, lile pazia la kutembelea njiani. Ukaniuliza, "Punda yuko wapi?" Nikakukodolea macho. Ukasema, "Usinitazame. Sijawahi kupanda, na kama nitaanguka sitaki kushuhudiwa na mtu mwenye furaha."

Mwendo wa saa mbili ulituchukua mpaka adhuhuri. Ulimsomea punda yule dua zote unazozijua. Kwenye kila kijito ulimwambia, "Tafadhali," kama unaongea na mgeni wa heshima, naye anasimama, na mimi nyuma namsukuma huku nimeshikilia mbavu kwa kicheko. Hatimaye tukafika. Ulishuka, ukasogea ukingoni, ukainua ushungi.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Baba alisema ni kama bahari."

Ulilitazama toka ukingo huu hadi ule. Kisha ukaniuliza walianzia kuchimba upande gani. Nikakuonyesha upande wa mfereji, pale mama alipokuwa akinionyesha. Ukavua makubadhi, ukaingia kwenye tope kwa miguu yako ile iliyozoea zulia, ukasimama pale pale.

Tukaanza kupima. Nikatandaza mikono yangu kando ya ukingo, pima baada ya pima, na wewe unahesabu. Thelathini na tisa! Ulipiga vigelegele. "Alhamdulillahi, pungufu moja tu, tutachimba siku moja!" Katana alikuwa amekuja kutazama huyo mwanamke wa mjini anayepiga kelele matopeni. Akacheka. "Mama, mikono ya huyu ni mifupi. Yeye mwenyewe ni mfupi." Akapima kwa mikono yake, akapata thelathini na tatu. Nikamwambia amenyoosha mno. Akaniambia mimi nimejikunja. Tukabishana mpaka jua likasogea, maana kila mmoja wetu alikuwa na pima zake na zote ni halali. Ni wewe uliyetunyamazisha.

"Sikuapa kwa mikono ya Katana, wala ya Mwanahamisi. Nimeapa kwa mikono ya Mabruki. Zisipokuwa pima zake nitakuwa nimemdanganya Mungu, achilia mbali huyo mzungu."

"Na Mabruki tutampata wapi?" aliuliza Katana.

Nikasema, "Nina kanzu yake ya Idi."

Nadhani hiyo ndiyo jioni niliyoipenda kuliko zote, ile tuliyorudi mjini tukaitoa kanzu kisandukuni, tukaitandaza juu ya mkeka na mikono yake imenyooshwa huku na huku. Wajane wawili wamepiga magoti, wanaivuta kanzu ya maiti na kugombana. Wewe ulitia kamba kutoka mkono hadi mkono. Nikakwambia, "Kanzu inaishia kwenye kifundo cha mkono. Viganja je? Vidole je?" Ukaniuliza nani anavikumbuka vidole vya Mabruki. Nikakwambia mimi, kwa sababu alikuwa akinishika kichwa chote kwa mkono mmoja, gumba kwenye sikio hili na cha mwisho kwenye sikio lile. Ukanizungushia kamba kichwani. Kisha ukasita.

"Lakini kichwa chako kilikuwa kidogo wakati ule."

"Kichwa changu hakijapata kuwa kidogo, Bi Mkubwa."

Ulicheka hata ukalala juu ya mkeka. Ulipopangusa machozi ukasema, polepole, kwamba na wewe unamkumbuka. Ulipokuwa mtoto alikuwa akileta madafu mjini siku za Ijumaa, mawili mkono huu na mawili mkono huu, ameyakamata kwa vidole tu, na wewe ulikuwa ukichungulia dirishani kungoja yaanguke. "Hayakuanguka hata siku moja," ulisema. Hapo ndipo nilipojua kwamba baba yangu alikuwa ameonekana na mtu katika nyumba ile. Kwa ajili ya kiganja na vidole tuliongeza urefu wa dafu zima kila upande, tukaikata kamba.

Asubuhi tukapima bwawa kwa kamba hiyo. Thelathini na moja. Upande wa urefu tumepungukiwa na pima tisa, upande wa upana nne, na tope la kutoa halina hesabu. Masika yako mlangoni.

Katana alisema watu wake watakuja, kwa sababu maji ni yao pia, lakini watakuja kwa desturi yao ya kusaidiana, mwerya. Katika mwerya mtu halipwi. Anakaribishwa tembo la mnazi akimaliza kazi. Nilikutazama. Mwanamke ambaye hajakosa sala tangu akili zilipomjia, nyumbani kwake tembo halijapita hata mlangoni. Ukafikiri. Ukasema, "Katana, mwanangu, mimi tembo silijui. Lakini nina minazi. Nawapa minazi kumi ile ya mpakani, mfanye mnavyojua. Mkiikwea mkatoa madafu, haya. Mkitoa kitu kingine, hilo ni lenu na Mola wenu, mimi nilikuwa nimeangalia upande wa kibla." Katana alipiga makofi. Mpaka leo Wagiriama wanaiita minazi ile minazi ya kibla.

Ndugu zangu ndio waliokuwa wagumu. Walikuwa wamekaa juu ya tuta, majembe wameyaweka chini, na wazee wawili kati yao walichimba pamoja na baba. Nilidhani utawaamuru, nikawa nimeuma meno. Ulikwenda mbele yao, ukasema kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia kwako kabla yake, "Nimekuja kuwaomba. Mkikataa, nitarudi mjini na sitawalaumu." Ukachukua kikapu, ukakijaza tope kwa mikono yenye hina, ukapanda nacho ukingoni ukitweta. Cha pili kikakushinda, ukakaa nacho mapajani. Mzee Feruzi, yule mkubwa wao, akainuka akakichukua. "Bibi, toka hapa, unatuzibia njia," akasema. Wote wakaingia.

Tulichimba mwezi mzima na siku kadhaa. Wagiriama upande wa mashariki na wazalia upande wa mfereji, wakishindana kwa nyimbo, na wale wa mashariki wakizidi kuimba kadiri minazi ilivyozidi kugemwa. Wanawake tulibeba tope kwa makapu. Wewe ulijipa kazi ya kupika, na siku ya kwanza uliunguza wali sufuria nzima, watu wakala ukoko na papa, wakasema wallahi ni mtamu. Siku ya tatu ukajua kuukadiria moto. Lakini ninalolikumbuka mimi si wali. Kila adhuhuri, chakula kikitengwa, ulikuwa ukishika birika na kupita mtu kwa mtu kuwanawisha mikono. Mzee Feruzi siku ya kwanza aliificha mikono yake nyuma. Ulisimama mbele yake na birika hata maji yakaanza kudondoka yenyewe. Akaitoa. Kila mtu alikuwa anatazama wali.

Kamba ya Mabruki ikaingia mara arobaini kamili, na kwa upana mara ishirini. Siku tano baadaye mzungu akaja, shingo nyekundu kwa jua, na mkalimani wake na mnyororo. Walipima asubuhi nzima. Wewe na mimi tulisimama pembeni, na mkono wako ulikuwa umeshika leso yangu, hujui kama umeishika. Mzungu akaandika, akahesabu, akahesabu tena. Akasema kitu.

"Bwana anauliza," akasema mkalimani, "kwa nini mmedai pungufu. Kwa pima ya Serikali bwawa lenu ni arobaini na mbili na kitu, na ninyi mmeandika arobaini."

"Mwambie Mabruki alikuwa mrefu kuliko Serikali," ulijibu.

Sidhani kama alilifasiri hilo. Lakini mzungu aliitikia kwa kichwa, akapiga muhuri. Maji yalikuwa yetu. Nikatamani kupiga mayowe. Mkalimani akafungua kitabu kikubwa cha kuandikia majina ya wenye mali, akaandika lako, Rukia binti Salimu. Kisha akainua macho akanitazama, mimi na tope langu mpaka magotini.

"Na huyu je? Ni mtu wenu?"

Nilitazama chini. Neno lile nimelizoea, nikangoja lipite.

"Huyu ni mke mwenzangu," ulisema. "Anaitwa Mwanahamisi binti Mabruki. Muandike kando yangu, nusu kwa nusu."

Mkalimani akasita na kalamu. "Bibi, bwawa si la marehemu baba yako?"

"Baba yangu hakutoa hata kikapu kimoja. Andika."

Akaandika. Mimi nilikwenda nyuma ya punda nikalia hata kwikwi zikanishika. Ulinifuata, ukasimama, hujui ufanye nini na mikono yako. Ukasema, "Unalia nini? Nimekupa nusu ya tope." Nikacheka na kulia kwa pamoja, kamasi zinanitoka, nawe ukanipa ncha ya buibui lako. Miaka saba na zaidi tulikaa chini ya paa moja hujanitaja hivyo mbele ya mtu hata siku moja. Sikukushukuru siku ile. Nililia tu, na baadaye nikaona haya. Nakushukuru leo, mbele ya mtaa mzima na mahujaji wote. Ahsante, Bi Mkubwa. Ahsante sana.

Sasa umeuza bangili zako umekwenda kuhiji, na umetuletea salamu kwamba utakaa huko huko mpaka siku yako ifike. Nilikasirika nilipozisikia, sikufichi. Nilipika mchuzi wa pilipili nikaula peke yangu. Lakini hasira imepita, na mimi ni mtu niliyeridhika. Naamka, nasali, nakwenda bwawani, narudi. Mwenye shamba la pamba ametuma mtu kuuliza kama nitauza nusu yangu. Nikamwambia akaifuate nusu nyingine Makka kwanza. Ndugu zangu wanavuna. Mzee Feruzi amezeeka, anakaa ukingoni kufukuza ndege wa mpunga, na anakusalimu. Ninachokosa ni mtu wa kugombana naye wakati wa chai, na paka naye haniheshimu kama alivyokuheshimu wewe.

Wanawake wa hapa mjini wakitamka neno mke mwenza utadhani wamelamba shubiri. Mimi hulitamka kila siku. Mpita njia akiniuliza bwawa hili kubwa ni la nani, namwambia ni langu mimi na mke mwenzangu aliye Makka, na wengine hunitazama wakidhani nimechanganyikiwa.

Nina ombi moja, kisha nakuacha upumzike. Ukisimama mbele ya Nyumba Tukufu, muombee Mabruki, tena kwa jina lake, umtaje kwa sauti. Mama alipokufa nilibaki peke yangu wa kumuombea, na sauti yangu ni ndogo. Wewe una sauti ya kuamuru, Bi Mkubwa, itumie huko.

Mungu akuweke, na akikuchukua akupokee vizuri.

Ni mimi,
mke mwenzio,
Mwanahamisi binti Mabruki